Nairobi Alipokufa Kabeza

(Mazungumzo ya afisa uhusiano wa Polisi mbele ya wawakilishi wa wafanyabiashara, madereva na vijana wa kujitolea kutoka wilaya za mpakani, walipokutana Kabeza, jijini Kigali.)



Nadhani mlitazamia kwamba afisa wa Polisi akisimama mbele yenu atazungumzia magendo, mwendo kasi au pombe haramu. Leo sitayagusa hayo. Nimeomba nafasi hii nizungumze nanyi habari ya filamu.

Nitaanza na kisa kilichotokea hapa hapa Kabeza, mwezi wa Aprili mwaka 2020. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Nchi ilikuwa imefungwa tangu usiku wa tarehe 21 Machi kwa sababu ya korona, na kila mtu alikuwa nyumbani kwake. Sisi wakazi wa Kabeza tulikuwa na ugeni wa pekee: ndege zilikuwa zimenyamaza. Mtu aliyezoea kuishi jirani na uwanja wa Kanombe huwa hazisikii tena ndege, lakini zilipokoma ndipo tulipotambua jinsi zilivyokuwa zikitufunika. Sauti ya jirani akikohoa ilivuka nyua mbili. Jumapili moja mchana, nikiwa nimetoka zamu ya usiku na nimejilaza, nikasikia vijana wa nyumba ya tatu wakipiga kelele kwa pamoja: “Nairobi yapfuye!”

Sikuwahi hata kuinuka. Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza vitenge na viatu, alikwisha kufika mlangoni kwangu, kilemba mkononi. Mzigo wake ulikuwa umetoka Nairobi na ulikuwa umekwama njiani pamoja na malori mengine. Akaniuliza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya biashara yake: “Afande, Nairobi imekufaje? Ni ugonjwa huu huu, au ni jambo jingine?”

Lau vijana wale wangalipiga kelele kwa Kiswahili, mama yule asingalipata taabu. Angalisikia “amekufa”, akajua ni mtu; “imekufa” ingalikuwa ni jiji. Kinyarwanda chetu, pamoja na utamu wake wote, hapo hakitofautishi: yapfuye ni yapfuye, awe binadamu, uwe mji. Nikamwambia, “Mama, tulia. Nairobi huyu ni mwanamke, tena ni mwizi, tena ni wa kwenye filamu.” Alinitazama kwa muda, akafunga kilemba chake, akasema kwamba vijana wa siku hizi wana nafasi nyingi ya kulia, kisha akaondoka bila kuaga.

Nilicheka. Lakini niliporudi sebuleni nilimkuta binti yangu wa kwanza amejifunika uso kwa mto. Naye alikuwa amekwisha kuona kipindi kile kwenye simu, kutoka kwenye flashi iliyorushwa juu ya ukuta, maana kutembeleana kulikatazwa lakini flashi haikukatazwa na mtu. Alikuwa analia. Ndugu zangu, binti wa askari polisi, katika nyumba ya askari polisi, siku ya Jumapili, alikuwa anamlilia jambazi wa benki.

Kwa wale ambao hawaijui, tamthilia yenyewe ni ya Kihispania, iitwayo La Casa de Papel, na wengi wanaifahamu kwa jina lake la Kiingereza, Money Heist. Mtunzi wake ni Álex Pina. Ilianza kuonyeshwa nchini Hispania mwezi wa Mei 2017 katika kituo cha Antena 3, na baadaye Netflix ikaichukua na kuisambaza ulimwengu mzima. Mtu mmoja mwenye miwani, mpole wa maneno, aitwaye Profesa, anawakusanya wahalifu na kuwakataza wasitajiane majina yao halisi. Kila mmoja anapewa jina la mji: Tokyo, Berlin, Rio, Denver, Moscow, Helsinki, Oslo, na Nairobi. Wanavaa nguo nyekundu na barakoa zenye sura ya mchoraji Salvador Dalí. Kwanza wanakiteka kiwanda cha kuchapa noti mjini Madrid, kisha, katika sehemu zilizofuata, Benki Kuu ya Hispania yenye dhahabu. Sehemu ya nne ilitoka tarehe 3 Aprili 2020, siku ya Ijumaa, na katika kipindi cha sita cha sehemu hiyo Nairobi anauawa. Jumapili kilio kilikwisha kufika Kabeza. Hesabuni wenyewe: siku mbili, wakati malori ya mizigo yalikuwa yakisubiri mpakani kwa siku nyingi kuliko hizo.

Baadhi ya wazee waliopo hapa wataniambia kwamba dawa ni kuwanyang'anya vijana simu. Sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini. Kwanza lazima nikiri jambo ambalo msemaji aliyekaa mbele yenu na nembo begani hapaswi kukiri. Baada ya siku ile niliomba ile flashi. Nilitazama tamthilia yote, tangu mwanzo, kwa muda wa wiki tatu, usiku baada ya zamu. Na mahali walipokuwa wakipambana kulikamilisha handaki la kutokea, huku polisi wakikaribia kuingia, nilijisikia nikisema kwa sauti: “Harakisheni!” Sikuwa nawaambia polisi.

Nilikaa nikajiuliza nimefikaje pale. Jibu ni la kiufundi, wala si la maadili. Anayesimulia hadithi ile ni Tokyo, mmoja wa wezi. Tunaona kwa macho yake na tunasikia kwa masikio yake. Tunajua kwamba Nairobi alipokonywa mtoto wake na kwamba shida yake kubwa ni kumpata tena. Tunajua nani anampenda nani. Polisi walio nje ya jengo hatuwajui hivyo, isipokuwa yule mpelelezi mwanamke, naye mwishowe anahamia upande wa wezi na kupewa jina la Lisbon. Mlinzi wa benki, Gandía, hatuonyeshwi ila ukatili wake. Ndiye anayemwua Nairobi, na anamwua kwa namna isiyoweza kutetewa na mtu. Basi ukimwonyesha binadamu machozi ya upande mmoja kwa saa nyingi, atalia na upande huo. Binti yangu hakuwa ameharibika. Alikuwa na moyo, na moyo ule ulielekezwa.

Kwetu sisi kuna jambo la ziada ambalo Wahispania hawana. Wengi wa mashabiki wa huku mpakani hawaitazami filamu kama ilivyotoka kiwandani. Wanaitazama kupitia kinywa cha mfasiri. Hapa Rwanda tunaziita agasobanuye, na wengi wetu tulikua tukimsikiliza marehemu Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Kampala kuna wafasiri wao wanaosema Kiganda, na kazi zao huvuka Kagitumba na Gatuna bila pasipoti. Kenya wanaye DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Mfasiri hafasiri maneno tu. Yeye anachagua nani ni stelingi na nani ni adui, na tangu dakika ya kwanza anawaambia watazamaji wakae upande gani. Zamani stelingi alikuwa askari au mkombozi wa kijiji. Katika filamu za uporaji stelingi ni mwizi, na adui ni mimi.

Ninawasifu wafasiri, maana wamewafungulia dunia watu ambao wasingaliiona kwa sababu ya lugha. Nilipata kumwomba mmoja wao, kwa utani wa nusu kweli, kwamba siku moja amsemee yule mateka wa kike anayetetemeka pembeni, amtungie hata sentensi mbili. Alisema watazamaji watadai warudishiwe fedha zao. Pengine alisema kweli.

Sasa nirudi kwa wale wazee. Filamu hizi hazimfundishi mtu kuiba, au tuseme si kwa njia tunayoidhani. Nitawapa mfano kutoka Thika, nchini Kenya. Mwezi wa Novemba 2017 iligunduliwa kwamba wezi walikuwa wameingia katika tawi la benki ya KCB mjini humo kupitia handaki. Walikuwa wamekodi chumba cha biashara karibu na benki, wakachimba chini kwa chini kiasi cha mita 30, wakatokea ndani ya chumba cha fedha na kuondoka na zaidi ya shilingi milioni 50 za Kenya. Watu watatu walikamatwa siku chache baadaye na sehemu ya fedha ikapatikana. Sasa tazameni kalenda. Ni mwezi ule ule wa Novemba 2017 ambapo watazamaji wa Hispania walikuwa wakiona vipindi vya mwisho vya uporaji wa kwanza, ambamo nako wezi wanatoroka kwa handaki. Netflix ilikuwa bado haijaileta tamthilia hiyo kwetu. Waliochimba Thika hawakuhitaji Profesa wa Madrid. Walihitaji sururu na mpangishaji asiyeuliza maswali.

Lakini jambo lililonishughulisha katika habari ya Thika si handaki. Ni wale mashabiki. Katika mitandao ya kijamii Wakenya wengi walicheka na kushangilia. Walisema watu wale wasifungwe bali wapewe kandarasi za barabara. Walisifu upimaji wao, subira yao na jinsi walivyofika pale pale palipokusudiwa bila kukosea. Nilikuwa nikisoma utani ule na kucheka pia, kwa maana Wakenya hawana mpinzani katika utani. Hata hivyo ulikuwa ni ushangiliaji ule ule wa nyumba ya tatu hapa Kabeza, na safari hii wezi hawakuwa waigizaji.

Kwa nini watu hushangilia? Mimi nimekaa katika kazi hii ya uhusiano kwa muda wa kutosha kujua kwamba shangwe ya wananchi ni aina ya ripoti, ila haiji kwa barua. Mtu anapofurahi benki ikiibiwa, anakuambia kitu kuhusu benki. Anakumbuka makato asiyoelezwa, mkopo ulionyimwa, foleni ya saa tatu na karani aliyemsemesha bila kuinua macho. Na anapofurahi polisi wakichezewa shere, anakuambia kitu kuhusu polisi. Anamkumbuka askari aliyemwita “wewe” mbele ya watoto wake, au aliyemzuia mpakani na kikapu cha nyanya hadi zikaoza. Sitawadanganya kwamba askari wa namna hiyo hayupo. Yupo, na ndiyo sababu kuna namba 3511 ya kumlalamikia askari anayewatendea vibaya. Ninaitaja hapa mapema, kabla ya namba nyingine zote, msije mkadhani nimekuja kuwasemea vijana peke yao.

Lakini ndani ya shangwe ile kuna dhana moja ambayo naomba tuifungue, kwa sababu ndiyo inayotupelekea vijana wetu mahakamani. Katika tamthilia, Profesa anajitetea kwamba hawaibi fedha ya mtu. Wanajichapia zao wenyewe kiwandani, na anamkumbusha mpelelezi kwamba hata Benki Kuu ya Ulaya ilitengeneza mabilioni ya fedha bila mtu kuiita mwizi. Ni hoja tamu, na imeandikwa na mtu mwenye akili. Huko Madrid, ndani ya hadithi, huenda ikasimama kwa miguu yake. Ikivuka mpaka kuja huku inakuwa maneno mafupi tu: fedha ya benki si ya mtu.

Hebu tuihesabu fedha hiyo isiyo ya mtu. Nchi hii ina sekta 416, na kila sekta ilianzishiwa SACCO yake. Anayeweka fedha mle ni mama wa nyanya, ni dereva wa pikipiki, ni kikundi cha kuweka na kukopa, ikimina, kinachokutana chini ya mti kila wiki, wanachama wakitoa faranga elfu moja moja. Hakuna aliyevaa nguo nyekundu atakayeingia na bunduki katika SACCO ya sekta yenu. Wizi wetu hauna muziki. Unafanyika kwa simu, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine na akaunti iliyoazimwa kwa siku mbili.

Nitawapa tukio ambalo liko katika rekodi za mahakama. Mwezi wa Oktoba 2019, hapa Kigali, Idara ya Upelelezi, RIB, iliwakamata watu 12 waliokuwa wakijaribu kudukua mfumo wa benki ya Equity. Walikuwa Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1. Mwaka 2021 walihukumiwa kifungo cha miaka 8. Msilichukue jambo hili kama sifa ya taifa lolote. Mwizi hana bendera, na Wanyarwanda watatu wanatosha kutunyamazisha. Ninalitaja kwa sababu ya umbo lake. Kule kwenye tamthilia majina ya miji ni barakoa ya kufichia watu. Hapa watu walitoka katika miji ya kweli, wakapita katika mipaka mnayoijua ninyi, wakakutana katika jiji hili. Hakuna aliyewaimbia, wala hakuna shabiki aliyefunga redio kwa huzuni hukumu iliposomwa. Miaka minane ni mirefu. Mtoto aliyeachwa tumboni anakuwa darasa la pili.

Na sasa niwaeleze kisa cha tatu, ambacho ndicho kilichonileta hapa. Sitataja wilaya wala mtu, maana mhusika bado ni kijana na ana haki ya kuanza upya.

Alikuwa mbadilisha fedha mdogo, mmoja wa wale wanaosimama karibu na kizuizi na bunda la noti mkononi, mwenye adabu, anayeaminika. Mtu mmoja alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza alibadilisha fedha tu. Mara ya pili alimnunulia soda. Mara ya tatu alimwomba laini mbili za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, pamoja na matumizi ya akaunti yake kwa siku mbili, na akamwahidi asilimia kumi. Alimwambia kwamba wako watu saba katika kazi hiyo, kwamba hawajuani, na kwamba kila mmoja anaitwa kwa jina la mji. Yeye akapewa Helsinki.

Nilikutana naye kituoni kabla hajakabidhiwa kwa RIB. Sikuwa mpelelezi wake. Nilikuwapo kwa sababu waandishi wa habari walikuwa wakidai taarifa, na mimi ndiye ninayeandika taarifa. Niliketi naye kwa muda mfupi. Aliniambia, “Afande, mimi sikuiba. Nilitoa laini tu.” Nikamwuliza kama hakuona hatari jina lilipotajwa. Akainama, akasema kwamba, kusema kweli, jina ndilo lililomfurahisha. Alikuwa ameitazama tamthilia ile mara mbili. Alijua kwamba Helsinki hafi.

Fedha zilizopita katika akaunti yake zilikuwa za watu kadhaa. Mmoja wao alikuwa mama aliyepigiwa simu na mtu aliyejifanya wakala, akasoma namba yake ya siri bila kujua, akapoteza faranga laki tatu na nusu: ada ya watoto wawili na akiba ya ikimina ambayo haikuwa yake peke yake, maana yeye ndiye aliyekuwa mtunza fedha. Mama huyo alipofika kituoni hakuuliza benki ipo wapi. Aliuliza atawaambia nini wenzake siku ya Alhamisi. Alikuwa na wenzake ishirini na wawili.

Mama wa kijana naye alikuja siku hiyo hiyo. Alikuwa ameleta nakala ya kitambulisho cha mwanawe, imekunjwa vizuri katika mfuko wa plastiki, ili atuonyeshe kwamba mwanawe ni mtu halali mwenye karatasi zake. Alidhani ameleta utetezi. Nakala ile ile, yenye namba ile ile, ndiyo iliyokuwa ushahidi, kwa sababu laini zote mbili zilisajiliwa kwayo. Wale kina mama wawili walikaa benchi moja kwa saa nzima, hawajuani, wakigawana kivuli. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini benchi lile bado ninalo.

Yule aliyejiita Profesa alikuwa amekwisha kuvuka.

Ndugu zangu, mkipenda kujua tofauti kati ya tamthilia na mpaka, ni hiyo. Katika tamthilia Profesa hawaachi watu wake. Akitekwa mmoja, anarudi na jeshi zima kumkomboa. Huku kwetu Helsinki anakaa korokoroni, na namba ya Profesa haipatikani tena. Sheria yetu ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 na ile ya makosa na adhabu kwa jumla ya mwaka huo huo hazimwachi nje mtu aliyesaidia kosa kwa kusema tu kwamba hakushika fedha kwa mkono wake.

Basi niwaambie yale ambayo naomba mwende nayo nyumbani.

Wenye vijana, msiwanyang'anye flashi. Kaeni nao, mtazame. Mkifika mahali pa kushangilia, shangilieni, maana ni mchezo mzuri na waigizaji wake wanajua kazi. Kisha ulizeni swali moja tu: nani hayumo katika picha hii? Fedha hii ilikuwa inakwenda wapi kabla haijachukuliwa? Mlinzi yule aliyepigwa kitako cha bunduki analipwa kiasi gani kwa mwezi? Mimi nilimwuliza binti yangu hivyo. Alinijibu kwamba ninaharibu filamu. Siku mbili baadaye, kwenye chakula, akaniuliza kama mlinzi wa duka la kona ana mtoto. Anao watatu.

Wenye nyumba na vyumba vya biashara karibu na mipaka, jifunzeni kwa Thika. Mpangaji anayelipa miezi sita kwa mkupuo, asiyefungua duka mchana wala kuuza kitu, si lazima awe mwizi. Lakini kumjulisha kiongozi wa mudugudu kwamba ana mpangaji mpya si uchawi, ni utaratibu uliopo.

Vijana, na hasa wabadilisha fedha na mawakala wa fedha kwa simu: kitambulisho chako hakiazimwi. Mkitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, bonyezeni *125#. Fanyeni sasa hivi, hapa hapa, wala sitachukizwa mkiangalia simu zenu nikiwa nazungumza. Mkikuta namba msiyoitambua, nendeni katika kampuni ya simu ikafutwe, na mkiona dalili ya ulaghai pigeni 166 ya RIB au 112 ya Polisi. Naona ndugu mmoja pale mbele uso wake umebadilika. Usiondoke baada ya mkutano, tutaitazama pamoja.

Na wewe uliyekwisha kuazima laini yako, kwa sababu najua katika umati wa ukubwa huu hamkosekani mmoja au wawili, njoo useme kabla haijatumika. Anayekuja mwenyewe asubuhi hapokewi sawa na anayeletwa jioni. Hilo ninaweza kuwaambia kwa sababu nimeona aina zote mbili zikiingia kwa mlango mmoja.

Mtaniuliza yule mama wa vitenge aliishia wapi. Mzigo wake ulifika, umechelewa wiki kadhaa, viatu vingine vimelowa. Mwaka jana aliniita nyumbani kwake niangalie jambo. Wajukuu walikuwa wamemwekea tamthilia ile tangu sehemu ya kwanza, naye alikuwa ameifuata yote. Tulifika pamoja kwenye kile kipindi cha sita. Nairobi alipoanguka, mama alikaa kimya, akapangusa macho kwa upindo wa kitenge, akanigeukia: “Alikuwa na mtoto, huyu.” Nikamwambia ndiyo, Mama, alikuwa naye. Kisha akauliza zile dhahabu zilikuwa za nani.

Sasa naomba tuingie katika maswali. Dada wa Gatuna, uliinua mkono tangu nilipozungumzia nyanya zilizooza. Anza wewe.